Kabla ya Kusema Amplifaya Imeungua

Magari mengi madogo yanayotembea katika barabara za Tanzania na Kenya yalitumika kwanza Japani, na redio zake zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya huko, yanayoanzia megahezi 76, ilhali vituo vyetu vimepangwa kati ya 87.5 na 108. Kwa sababu hiyo, moja ya kazi za kwanza anazofanyiwa mwenye gari ni kung'olewa redio ile na kuwekewa nyingine, na kwa kuwa dashibodi imeshafunguliwa, huona ni vyema aongeze sabufa kwenye buti pamoja na amplifaya ya kuiendesha. Kazi hukamilika kwa saa chache, muziki unalia, fundi analipwa. Miezi michache baadaye sabufa hunyamaza, au hukatika kila besi inapogonga, au gari hukataa kuwaka asubuhi kwa sababu betri imelala, na hukumu inayotolewa huwa ileile kwa maradhi yote matatu: amplifaya imeungua, tafuta nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa bila kipimo chochote. Amplifaya ina sababu nyingi za kuzimika, na sehemu kubwa ya sababu hizo iko nje ya kasha lake, yaani kwenye nyaya, fyuzi, bodi ya gari (mwili wake wa chuma), redio au alteneta, ule mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme. Kinachozitenganisha ni kupima volti kwenye teminali za amplifaya yenyewe wakati inafanya kazi. Kupima kwenye betri hakutoshi, na kupima wakati muziki umezimwa kunaweza kudanganya kabisa. Ili ieleweke kwa nini, ni lazima kwanza tukubaliane juu ya maneno manne.

Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Ampea ni kipimo cha wingi wa mkondo unaopita kwenye waya. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho njia inauzuia mkondo usipite kwa wepesi. Wati ni kipimo cha nguvu inayotumika, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Kutokana na maneno hayo kuna kanuni moja ambayo maelezo yote yanayofuata yanaitegemea: volti zinazopotea njiani ni sawa na ampea zinazopita mara omu za njia hiyo. Mkondo ukiwa mdogo, hata njia mbovu hupoteza kidogo sana. Mkondo ukiongezeka, njia ileile mbovu hupoteza nyingi.

Wakazi wa mtaa unaotegemea bomba moja lililozibwa nusu kwa kutu wanaijua hali hiyo. Alfajiri mtu mmoja akifungua maji ya kunawa, hutoka kwa nguvu na ataapa kwamba bomba ni zima. Jioni nyumba zote zikifungua kwa pamoja, maji ya ghorofa ya juu hukatika, ingawa tangi limejaa vilevile. Fundi anayepima umeme wa amplifaya muziki ukiwa umezimwa, akaona volti 12, akasema umeme upo, amepima maji ya alfajiri.

Sasa tuziangalie tarakimu zenyewe. Betri ya gari iliyojaa na kupumzika huonyesha volti kati ya 12.6 na 12.8, ikionyesha 12.0 imekwisha kwa sehemu kubwa, hata kama taa za ndani bado zinawaka. Injini ikiunguruma, alteneta huongeza msukumo hadi kati ya 13.8 na 14.4, ingawa baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayopunguza uchaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo kuona 12.8 kwa dakika chache katika gari la aina hiyo si lazima iwe dalili ya ugonjwa. Amplifaya nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia karibu volti 10 au 11, na volti zikishuka chini ya hapo hujizima zenyewe ili zisiharibike.

Kuhusu mahitaji yake, usisome maandishi ya boksi. Boksi linaweza kuandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu, lakini wati 3000 kwa msukumo wa volti 13.8 zingehitaji ampea zaidi ya 217 hata kama amplifaya isingepoteza chochote, na hakuna waya wa unene wa kalamu unaobeba mzigo huo. Ukweli uko kwenye fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Ikiwa na fyuzi mbili za ampea 30, uwezo wake wa kuvuta ni kama ampea 60, ambazo mara 13.8 ni wati 828 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D, ambayo hugeuza karibu asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, itatoa wati kama 660, na ile ya daraja AB ya kizamani, ambayo karibu asilimia 40 ya umeme wake huishia kuwa joto, itatoa kama 500. Hizo ndizo wati za kupangia nyaya.

Nyaya tatu na kazi zake

Amplifaya yoyote ya gari, iwe ya bei gani, hupokea umeme kwa nyaya tatu. Wa kwanza ni waya mnene wa chanya unaotoka moja kwa moja kwenye betri, nao hufungwa mahali palipoandikwa B+ au 12V. Wa pili ni waya mnene wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha bodi ya gari, mahali palipoandikwa GND. Bodi yenyewe ndiyo hubeba mkondo kurudi betrini. Wa tatu ni waya mwembamba wa rimoti, uliofungwa kwenye REM, ambao haubebi umeme wa muziki hata kidogo, kwani kazi yake ni kuiambia amplifaya kwamba redio imewashwa na sasa iamke. Kukosekana kwa mmoja kati ya hiyo mitatu kunatosha kuiua kazi nzima.

Ikiwa taa ya amplifaya haiwaki kabisa, washa redio, weka multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye volti za DC (umeme wa aina ya betri), gusisha ncha nyeusi kwenye GND ya amplifaya, kisha ncha nyekundu kwenye B+ na baadaye kwenye REM. Sehemu zote mbili zinapaswa kuonyesha karibu volti 12 au zaidi. Usiiweke ncha nyeusi kwenye chuma kingine cha buti, kwani ukifanya hivyo utakuwa umeuruka waya wa bodi ambao huenda ndio mgonjwa.

B+ ikiwa haina kitu, fuata waya kuelekea mbele hadi kwenye fyuzi kubwa iliyo karibu na betri. Fyuzi hii huaminika vibaya kwa njia mbili. Kwanza, watu huitazama kwa macho na kusema ni nzima, ilhali inaweza kuwa imepasuka mahali pasipoonekana. Ipime pande zote mbili, na upande mmoja ukiwa na volti na mwingine hauna, imekatika. Pili, wengi hudhani ipo kwa ajili ya kuilinda amplifaya. Amplifaya ina fyuzi zake. Hii ya mbele inaulinda waya, na kwa hiyo inaligusa suala la uhai wa gari na waliomo: waya mnene ukichubuka pale unapopenya ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea kwenye bodi, na waya ukawa kama chuma cha kupasia moto ndani ya zulia. Ndiyo sababu fyuzi hiyo huwekwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa kuwa sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Fyuzi iliyofungwa kwenye buti, kama ninavyoiona mara kwa mara, imeacha mita nzima za waya bila ulinzi wowote, na iliyoungua ikafungwa kipande cha waya au karatasi ya sigara ni afadhali gari lisiwe na muziki kabisa.

Kabla ya kugusa nyaya hizo nene, fungua kwanza teminali ya hasi ya betri. Mpangilio huo una sababu: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti mkononi mwako, lakini hasi ikishatolewa, spana kugusa bodi hakuna madhara.

Rimoti, na redio inayosahaulika

B+ ikiwa nzima lakini REM haina kitu, amplifaya haina kosa lolote, haijaamshwa. Katika redio nyingi za kununua, waya wa rimoti ni wa bluu wenye mstari mweupe, na waya wa bluu mtupu ni wa antena ya umeme. Mafundi wenye haraka hufunga amplifaya kwenye huo wa antena, na katika baadhi ya redio matokeo yake ni kituko ambacho wateja huona ni uchawi: sabufa inalia ukisikiliza FM, lakini ukihamia kwenye bluetooth au flashi inanyamaza papo hapo. Redio imeona kwamba antena haihitajiki tena, ikakata umeme wake.

Kisa kingine ni cha redio iliyotoka kiwandani na gari, ambayo mara nyingi haina waya wa rimoti. Hapo fundi hutafuta umeme unaopatikana tu ufunguo unapokuwa umezungushwa kwenye nafasi ya redio. Hilo linakubalika, mradi umeme huo uchukuliwe kwenye kisanduku cha fyuzi na kupitishwa kwenye fyuzi ndogo. Lisilokubalika ni kuufunga waya wa rimoti kwenye chanya ya kudumu ili "iwe inawaka tu". Amplifaya iliyowashwa bila muziki huweza kuvuta karibu ampea moja. Kwa saa 48 za Jumamosi na Jumapili gari likiwa limeegeshwa, hizo ni ampea-saa 48, wakati betri ya NS40 iliyopo katika magari mengi madogo hubeba kama 35 tu ikiwa mpya. Jumatatu gari haliwaki, na lawama huenda kwa muuza betri.

Ukitaka kuthibitisha kwamba kasoro ni rimoti, chukua kipande kifupi cha waya mwembamba, unganisha B+ na REM kwa sekunde chache. Amplifaya ikiamka, nyaya zake mbili nene zina umeme wa kutosha kuiwasha na ugonjwa uko mbele, kwenye redio au kwenye waya ule mrefu mwembamba unaopita chini ya zulia. Kisha kitoe hicho kipande. Kama gari lina amplifaya mbili au tatu pamoja na feni, waya wa rimoti wa redio usibebeshwe mzigo wote huo, kwa kuwa redio nyingi hutoa mkondo mdogo sana hapo na ikiungua ndani ni vigumu kuitengeneza. Weka relei, yaani swichi inayowashwa na mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa, ambayo teminali zake za 85 na 86 huwashwa na rimoti, na zile za 30 na 87 hupitisha umeme wa kweli kutoka kwenye betri kupitia fyuzi.

Waya wa bodi, chanzo kisichotazamwa

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu katika gari ambalo sabufa yake inakatika, ningechagua waya wa hasi. Waya mwekundu humfanya kila mtu awe makini, lakini mweusi hufungwa popote penye skrubu: juu ya rangi, kwenye bati jembamba la kushikia zulia, kwenye boliti ya mkanda wa usalama. Hiyo ya mwisho isiguswe kwa sababu nyingine kabisa, kwani imekazwa kwa kipimo maalumu ili izuie mwili wa mtu wakati wa ajali. Rangi ya gari haipitishi umeme. Mkondo hupita kwenye nyuzi chache za skrubu zinazogusa chuma, na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi hukamilisha kazi hiyo kwa kutu ndani ya miezi.

Tuseme mahali hapo pana ukinzani wa omu 0.05. Amplifaya ikiwa imewashwa bila muziki, ikivuta ampea moja, volti zinazopotea ni 0.05, ambazo huwezi kuziona. Besi ikigonga na mkondo ukafika ampea 40, zinapotea volti 2. Betri ina 12.6, amplifaya inaona 10.6 kabla hata ya kuhesabu hasara ya waya mwekundu, na inazimika, inaamka, inazimika. Hapo ndipo watu husema amplifaya "inachoka".

Kuna imani kwamba hilo linaweza kugunduliwa kwa kuiweka multimita kwenye omu na kusikiliza mlio. Haliwezi. Nyaya za multimita ya kawaida zenyewe zina ukinzani wa omu 0.2 au zaidi, hivyo hiyo 0.05 inamezwa, na waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya mia utalia mlio uleule kama waya mzima. Kipimo cha kweli ni cha volti, na hufanywa muziki ukipiga kwa sauti ambayo kawaida huleta tatizo: ncha moja kwenye teminali ya hasi ya betri, nyingine kwenye GND ya amplifaya, kwa kutumia waya mrefu wa kuunganishia. Kama njia ni safi, multimita itaonyesha chini ya volti 0.2 au 0.3. Ikiruka hadi 1 au zaidi kila besi inapogonga, umempata mwizi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka teminali ya chanya ya betri hadi B+, na zaidi ya 0.5 hapo ni dalili ya waya mwembamba, kishikio cha fyuzi kilicholegea au teminali yenye unga wa kijani. Kwa wasio na waya mrefu, mkono husaidia: baada ya muziki wa dakika kumi, zima, kisha gusa kishikio cha fyuzi na maungio yote. Palipo na joto kuliko waya wenyewe ndipo umeme unapopotelea.

Tiba ya waya wa bodi ni rahisi. Kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'are, tumia kichwa cha duara kilichobanwa vizuri, boliti na nati badala ya skrubu ya mbao, waya uwe na unene sawa na ule wa chanya na usizidi nusu mita, kisha paka grisi au rangi juu ya maungio ili kutu isirudi.

Unene wa waya nao hauna siri. Kutoka kwenye boneti hadi kwenye buti ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita mraba 21, unaouzwa kama namba 4, ukibeba ampea 50 kwa umbali huo hupoteza kama volti 0.2, ule wa namba 8, wenye milimita mraba 8.4, hupoteza 0.5. Lakini sehemu kubwa ya waya unaouzwa kwa bei ya chini katika maduka ya vifaa vya magari si shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, yenye uwezo wa kupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba, hivyo namba 8 ya aina hiyo hupoteza 0.8. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, umejua. Isitoshe, kuna waya wenye plastiki nene na nyuzi chache katikati, ambao unene wake ni wa kuonyeshea wateja.

Taa nyekundu

Taa ya kijani ikigeuka nyekundu, amplifaya haijafa. Imejizuia kwa sababu imeona hatari: joto kupita kiasi, volti pungufu, shoti kwenye nyaya za spika, au spika zenye omu chache kuliko inavyoweza kuzimudu. Zima kila kitu, ondoa nyaya zote za spika pamoja na zile za sauti zinazotoka kwenye redio, uache nyaya tatu za umeme peke yake, kisha washa. Taa ikiwa kijani, amplifaya ni nzima na mkosaji ni mmoja kati ya vile ulivyovitoa. Virudishe kimoja kimoja hadi nyekundu irudi. Mara nyingi utakuta uzi wa waya wa spika uliochomoza na kugusa kasha, au waya uliobanwa na bawaba ya kiti.

Sabufa nayo ipimwe, ikiwa imetolewa, kwa multimita kwenye omu. Hapa kipimo hicho kinafaa. Sabufa ya omu 4 huonyesha kati ya 3.2 na 3.8. Ikionyesha 1, koili yake imeungua na nyuzi zimegusana. Tatizo la pili ni hesabu. Sabufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya nyingi ambazo chaneli zake mbili zimeunganishwa kuwa moja haziruhusu chini ya 4. Itapiga kwa dakika kadhaa kwa sauti ya kufurahisha, itapata moto, itaweka taa nyekundu, itapoa, itaanza tena. Mwenye gari husema ina "mood" zake.

Kapasita, alteneta na magari ya volti 24

Taa za mbele zinapofifia kwa mdundo wa muziki, ushauri unaotolewa haraka ni kununua kapasita, lile kopo linalong'aa lenye tarakimu za bluu. Tufanye hesabu. Kapasita ya faradi 1 (faradi ni kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme), volti zikishuka kutoka 14 hadi 13, hutoa kiasi cha umeme kinachotosha ampea 50 kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Besi ya nyimbo zetu hudumu zaidi ya hapo kwa mbali, na baada ya kutoa, kapasita hudai kurudishiwa kutoka kwenye betri na alteneta zilezile zilizokuwa zimezidiwa. Inaweza kulainisha kufifia kidogo. Haiongezi umeme katika gari.

Umeme wa gari linalotembea hutoka kwa alteneta, na ya gari dogo huwa na uwezo wa ampea kati ya 60 na 100 hivi, tena injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye foleni ya barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam au Thika Road jijini Nairobi, injini ikizunguka polepole, hutoa pungufu kwa kiasi kikubwa, huku taa, feni ya rejeta, kiyoyozi na pampu ya mafuta vikidai fungu lao. Kabla ya kubadilisha alteneta, badilisha nyaya tatu fupi zilizo chini ya boneti ambazo zimezeeka pamoja na gari: ya alteneta hadi chanya ya betri, ya injini hadi bodi, na ya hasi ya betri hadi bodi. Mara nyingi hizo hazijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Wenye magari ya haibridi wakumbuke kwamba mengi hayana alteneta kabisa; betri yao ndogo ya volti 12 huchajiwa kutoka kwenye betri kubwa yenye zaidi ya volti 100, na nyaya za rangi ya chungwa za mfumo huo si za kuguswa na fundi wa redio kwa hali yoyote.

Kosa lililo ghali kuliko yote linaonekana kwenye mabasi ya abiria. Matatu za Nairobi zinazosifika kwa muziki, hasa zile zilizojengwa juu ya chasi ya Isuzu NQR, hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano, na basi nyingi nyingine za dizeli ziko hivyo. Amplifaya ya volti 12 ikifungwa kwenye 24 huweza kuungua mara moja, hivyo mafundi huichukulia umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Inafanya kazi, na ndiyo maana desturi hiyo haifi. Lakini alteneta huzichaji betri zote mbili kana kwamba ni moja: ile inayolisha muziki haijazwi kamwe, na mwenzake, ambaye hajatumika, hulazimishwa kupokea volti nyingi kuliko anazostahili hadi maji yake yachemke. Baada ya miezi michache betri zote mbili zimekufa kwa magonjwa yaliyo kinyume, mwenye gari hununua jozi mpya, na mzunguko unaanza upya. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12 chenye uwezo wa kubeba ampea ambazo amplifaya inazihitaji kweli, kwa hesabu ile ya fyuzi, au kisawazishaji kinachohamisha chaji kutoka betri moja kwenda nyingine. Gharama yake huonekana kubwa hadi uilinganishe na bei ya betri.

Inapokuwa imeungua kweli

Baada ya yote hayo, zipo amplifaya zilizokufa. Dalili yake ni mbili. Ya kwanza ni taa nyekundu inayobaki hata nyaya za spika na za sauti zikiwa zimetolewa na volti kwenye teminali ni 12.6, hapo mara nyingi transista (vipande vya ndani vinavyodhibiti mkondo) za upande wa spika zimeharibika. Ya pili ni fyuzi inayoungua mara tu unapoichomeka, hata kabla rimoti haijaunganishwa, ambayo humaanisha transista za upande wa umeme zimepigwa shoti, au chanya na hasi ziliwahi kubadilishwa nafasi na diodi ya ulinzi ikajitoa mhanga. Kuweka fyuzi kubwa zaidi katika hali hiyo hugeuza matengenezo madogo kuwa ubao wenye shimo jeusi.

Transista hizo hufanya kazi kwa makundi, na moja ikipata shoti huwa imezidhoofisha jirani zake, hivyo fundi anayebadilisha ile moja iliyopasuka na kuziacha nyingine atakurudishia amplifaya itakayodumu hadi wimbo wa pili. Muulize kama anabadilisha kundi zima pamoja na vizuizi vidogo vinavyoziamsha. Muulize pia ataiwasha vipi mara ya kwanza. Anayejua kazi yake huiweka mezani, huipa umeme wa volti 12 kupitia fyuzi ya ampea 5 au 10, bila spika, na kusubiri: kama shoti ingalipo, inaungua fyuzi ya bei ya karanga badala ya transista mpya, na kama taa ni ya kijani na kasha halipati joto kwa robo saa, ndipo huunganisha spika ya majaribio na kupandisha sauti taratibu.